Amepatwa na haya tangu lini?

Bielefeld, Ujerumani
Jumapili usiku

Dada, shikamoo.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye tramu natoka zamu ya usiku, nikauzima katikati, maana mtu mzima ukilia mbele ya Wajerumani saa moja asubuhi wanaweza kukuitia gari la wagonjwa. Mara ya pili nilikuwa jikoni. Ya tatu ni sasa hivi, na nimeamua nisikujibu kwa simu. Kwenye simu utaniambia "haya mdogo wangu, tumshukuru Mungu," tutaingia kwenye bei ya mchele, bando litakata, na lile swali litabaki palepale lilipo. Kwa hiyo nakuandikia. Isome kwanza peke yako pale sokoni Mgandini vitumbua vikishaisha, halafu ukiona inafaa msomee Mama. Mpe shikamoo yangu.

Umeuliza: "Hivi mimi nimemkosea nini Mungu?" Umelisema polepole, kama mtu anayeogopa ukuta usimsikie. Nyuma ya sauti yako nikasikia adhana ya alfajiri na jogoo wa jirani, nikajua hukuwa umelala.

Nianze na lile ambalo halina fumbo lolote. Mkono wa mjomba, mwanao, haukuungua kwa sababu ya dhambi yako, wala ya shemeji, wala ya babu aliyeoa wake wawili kule Mlalo. Uliungua kwa sababu mtoto aliachishwa vidonge siku 11. Dawa ya kifafa ukiikata ghafla, kifafa hurudi na deni lake lote. Hili nilifundishwa mwezi wa kwanza nilipoanza kazi hapa ya kuhudumia wagonjwa, na nimeliona kwa macho. Siku ya 12 mjomba akaanguka mara nne, na ile ya nne ikamkuta karibu na jiko la mkaa. Ndiyo hadithi yote. Haihitaji mapepo.

Aliyekuambia uzitupe chooni unamjua na mimi namjua, sitamtaja kwenye karatasi. Nitasema hili tu: mtu aliyepaza sauti kwenye maikrofoni kwamba kumeza kidonge ni kumwonyesha Mungu kuwa humwamini, mwenyewe alikuwa amevaa miwani. Nimeliwaza hilo tangu Alhamisi, nacheka peke yangu kwa hasira.

Na najua utakalosema. Kwamba mkono uliomimina vidonge ni wako. Ni kweli, ni wako. Lakini ulikuwa mkono wa mama aliyekaa miaka minane akilala nusu jicho, akisikiliza kitanda cha pili kama kinatikisika. Mtu akija na Biblia mkononi, mbele ya kanisa zima, akakuambia mwisho wa usiku huo umefika, nani asingemimina? Mimi ningemimina.

Basi hayo tuyaweke pembeni. Ulichouliza najua si habari ya mkono. Ulikuwa unauliza habari ya kifafa chenyewe. Kwa nini yeye, na kwa nini wewe, uliyemwogesha bibi mpaka siku ya mwisho, usiyekosa mazoezi ya kwaya hata siku ya mvua ya masika, unayemkopesha kila mtu vitumbua na hudai. Na wapo watu tunaowajua wote wawili, waliokula haki za yatima mchana kweupe, watoto wao wamenawiri kama machungwa ya Muheza. Usidhani ni kufuru kuliona hilo. Aliyeandika Zaburi ya 73 aliliona, akalisema, na likaachwa ndani ya Biblia tulisome.

Majibu umeyapata mengi, naona. Mmoja amekuambia ni jaribu. Mwingine amekuambia Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Huo wa pili ndio unaonikera zaidi, kwa sababu unasemwa kama andiko na si andiko. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu kujaribiwa, kwamba Mungu hatawaacha wajaribiwe kupita wawezavyo. Habari ya mizigo tumeiongeza wenyewe. Watu huvunjika kwa mizigo, Dada. Ninawaogesha kila siku. Na shemeji alipofunga virago akisema hii ni damu ya ukoo wenu, huyo naye alikuwa anatoa jibu, tena rahisi kuliko yote, maana lilimfungulia mlango atoke.

Sasa kumbuka kitabu cha Ayubu kilivyo. Sisi tulifundishwa mwanzo na mwisho: alikuwa navyo, akanyang'anywa, akarudishiwa maradufu, amina. Katikati mle kuna sura zaidi ya 30 za watu kubishana, na hakuna anayezihubiri. Wale rafiki zake watatu walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu waliona maumivu yake ni makuu mno. Kama wangeondoka siku ya nane tungewaita watakatifu. Kosa lao ni kwamba walianza kueleza. Wakamwambia tafuta dhambi yako, lazima ipo, Mungu haonei mtu. Maneno yao ukiyasoma yamenyooka, yana adabu, ungeweza kuyabandika ukutani. Na mwisho wa kitabu ni wao Mungu anaowakasirikia: "hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Ayubu huyohuyo aliyelaani siku aliyozaliwa! Aliyelalamika akaambiwa kasema sawa, waliomtetea Mungu wakaambiwa watoe sadaka ya kuteketezwa, na Ayubu ndiye awaombee.

Nilipofika hapo nikamkumbuka mama wa mlango wa pili. Umesema alikaa nawe wodini siku tatu, na kikapu chake cha uji na ugali wa bada, na hakusema kitu zaidi ya "pole mwanangu." Yeye si wa kanisa letu, ni Mdigo, Mwislamu wa swala tano, na kwao pia Nabii Ayubu wanamjua. Kaketi chini siku zake, na hakuvuka ya nane. Mfikishie salamu zangu kabla ya salamu za mtu mwingine yeyote wa mtaa.

Halafu kuna ile sura ambayo yule mtumishi aliisoma siku ya mkutano, Marko 9. Nimeirudia usiku kucha. Yesu anashuka mlimani, anakuta umati, waandishi na wanafunzi wanabishana. Wanabishana! Na mtoto yupo palepale, na baba yake yupo palepale. Mtoto analetwa, anaanguka chini, anagaagaa, anatokwa na povu. Tazama sasa Yesu anauliza nini. Haulizi nani katika ukoo aliwahi kwenda kwa mganga. Haulizi mama yake alikosa nini. Anamuuliza baba: "Amepatwa na haya tangu lini?" Na baba anajibu, "Tangu utoto."

Dada, hilo ndilo swali la kwanza kwenye fomu yetu ya kazi. Neno kwa neno. Mgonjwa mpya akiingia, muuguzi anaketi na ndugu yake na kuuliza: ilianza lini? Mara ngapi kwa wiki? Anaanguka upande gani? Nilipoanza kuijaza ile fomu sikujua kwamba nilishaisikia kanisani tangu nikiwa Sunday school. Na yule baba anaeleza yote, kwamba mara nyingi mtoto hutupwa motoni na majini, halafu anasema, "utuhurumie, na kutusaidia." Hakusema umhurumie. Alijitia na yeye ndani, kwa sababu kifafa cha mtoto kinaumwa na nyumba nzima. Kisha akasema lile neno ambalo wewe ulilisema ukiomba msamaha, na hapakuwa na la kuombea msamaha: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu."

Utaniambia pale imeandikwa pepo. Imeandikwa, sitaificha. Lakini fungua Mathayo 4, mstari wa 24, wale watu walioletwa kwa Yesu wanatajwa kwa makundi: wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza. Makundi matatu. Aliyeandika alijua kwamba hivyo si kitu kimoja. Na wanafunzi walipomwona yule kipofu wa kuzaliwa wakauliza swali lako hasa, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, Yesu alijibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Wala wazazi wake, Dada. Liandike kwa mkaa kwenye mlango.

Sehemu inayofuata ya jibu lile, kwamba kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake, inanisumbua, sikufichi. Mtu akae gizani miaka yote hiyo ili siku moja aonyeshwe kazi? Sijalimaliza hilo. Ninachoona ni kwamba Yesu hakukaa kulifafanua. Alisema imetupasa kufanya kazi maadamu ni mchana, akatema mate chini, akachanganya na udongo, akaanza kumpaka yule mtu machoni.

Mate. Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo langu.

Unaikumbuka ile Krismasi, mjomba akiwa na miaka mitano, shati jeupe ulilomshonea na tai ya lastiki. Kanisa limejaa mpaka nje. Tulikuwa benchi la nne, yeye katikati yangu na wewe. Kwaya ya vijana ikaanza kuimba, nikasikia benchi linagonga, nikageuka, naye ameshakakamaa, macho juu. Povu likaanza kutoka. Nilisimama. Wewe nadhani uliona kwamba nilisimama ili watu wapate nafasi. Wengine waliona naenda kutafuta maji. Nilisimama kwa sababu nilivaa suruali mpya na nilikuwa nimekua nikisikia kwamba povu la kifafa likikugusa, unakipata. Nilikuwa na miaka 22, nina cheti cha kidato cha sita, nilisoma bailojia, na nikarudi nyuma hatua tatu. Mzee mmoja akaleta njiti ya kiberiti amnusishe, mwingine kijiko amtie menoni, na wewe ulikuwa sakafuni na gauni lako la kitenge, peke yako, umekilaza kichwa chake kwenye mapaja. Ulipoinua uso ulinitafuta. Mimi niliangalia dirishani.

Hujawahi kunitajia hilo. Miaka saba. Hata siku uliponisindikiza stendi nije huku, ukanipa bahasha ya pesa za vitumbua, hukunitajia.

Sasa sikiliza Mungu alivyo na mzaha. Kazi iliyonileta huku, inayonilisha, ni kufuta povu. Yupo mzee mmoja hapa, ana miaka 61, namwita Babu ingawa wenyewe hawana desturi hiyo. Anavaa kofia ngumu ya ngozi mchana kutwa, maana akianguka huanguka kama mnazi uliokatwa. Usiku huanza na sauti ndogo kooni, kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Namgeuza ubavu, nautoa mto, naangalia saa, nangoja. Hakuna cha kijiko wala kiberiti. Sekunde 40, 60, mara moja moja dakika mbili. Halafu mwili unalegea, pumzi inarudi kwa mkoromo, na mimi nachukua kitaulo cha maji ya uvuguvugu namfuta mdomo, shingo, nyuma ya sikio, maana hutiririka mpaka huko. Ni mate tu, Dada. Yana uvuguvugu. Yakikauka yanaacha alama nyeupe kama ya chumvi kwenye miamba ya Raskazone.

Mji huu una habari yake, na inatuhusu sisi watu wa Tanga kuliko unavyodhani. Kuna mtaa unaitwa Bethel, jina lilelile la mahali pa Yakobo na jiwe la kulalia, ambao ulianza kwa nyumba ya wagonjwa wa kifafa mwaka 1867. Mchungaji aliyekuja kuisimamia mwaka 1872 aliitwa Friedrich von Bodelschwingh. Miaka mitatu kabla ya hapo, Januari 1869, kifaduro kiliingia nyumbani kwake. Alikuwa na watoto wanne. Ndani ya wiki mbili wote wanne walikufa. Mchungaji, mtu mwema, mwenye mke anayesali! Baadaye alisema kwamba hapo ndipo alipotambua jinsi Mungu anavyoweza kuwa mgumu kwa wanadamu, na ndivyo yeye mwenyewe alivyopata kuwa na huruma kwa wengine. Hakusema Mungu alikuwa na mpango mzuri. Alisema mgumu. Na akaenda kukaa na watu wanaoanguka mpaka alipokufa mwaka 1910.

Chama cha misheni alichokiunga mkono ndicho kilichotuma watu Usambara. Mlalo, mwaka 1891, kule alikobatizwa bibi. Lutindi, mwaka 1896, kwanza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwetu ukimwambia mtu "utaishia Lutindi" mnapigana. Sikujua kwamba mwanzo wa jina hilo ni mahali pa kumpokea mtoto asiye na kwao.

Lakini nisikupambie. Mwaka 1933 nchi hii ilitunga sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu wenye kifafa cha kurithi na wengineo, na hospitali za mtaa huohuo wa huruma zilishiriki. Walikuwa na maelezo yao pia, wale. Ya kisayansi safari hii, si ya pepo. Maneno ni yaleyale ya shemeji: damu.

Basi jibu la swali lako sina, na nikimwona mtu analo nitamwogopa. Ninachojua ni kwamba Yesu mwenyewe pale msalabani aliuliza "mbona umeniacha," na alasiri ile hakuna sauti iliyomjibu. Alikufa akiwa na swali. Na alipofufuka, uliwahi kuwaza hili? Mwili mpya, mauti yameshindwa, milango iliyofungwa haimzuii, lakini mikono ina makovu yaleyale, mpaka Tomaso akaambiwa alete kidole chake. Nilifikiria hilo jana ulipotuma picha ya mkono wa mjomba, ile ngozi mpya ya waridi kati ya vidole.

Haya, mambo ya kufanya. Nimetuma pesa kwenye namba yako, uone kama zimeingia. Za kliniki ni kwanza, za ada ni pili, na usimkopeshe mtu. Vidonge ameanza tena, vizuri, wasipunguze wala kuongeza bila daktari, na akimaliza miezi bila kuanguka mtu akakuambia amepona, usiviache, niulize mimi kwanza, halafu muulize daktari. Jiko lipandishwe juu. Fundi atakujengea meza ya matofali ya kiuno na ukingo mbele, nimemwandikia kaka wa Mikanjuni, anajua vipimo. Baharini asiende bila mtu mzima anayejua kuogelea. Shuleni nitaandika barua nyingine kwa mwalimu wake wa darasa. Kijiko mdomoni ni marufuku, waambie wote, hata wazee wa kanisa.

Kwenye mzigo anaokuja nao yule kijana wa Pongwe kuna kofia ngumu ya mjomba, rangi ya bluu, nimeijaribu kwenye kichwa changu kwa hiyo ikimpwaya muweke kitambaa ndani. Kuna soksi na mafuta ya miguu ya Mama. Na kuna saa nyeusi ya mkono. Hiyo ni yako, si ya mjomba, ana yake. Ina mshale wa sekunde unaong'aa gizani. Akianza tu, mgeuze ubavu, tazama mshale. Ukipita dakika tano usingoje kitu, hospitali.

Jumapili ijayo nitapiga saa kumi jioni ya huko. Mpe mjomba simu, utoke nje kidogo. Nina neno langu naye la ile Krismasi, na nataka alisikie kwangu mwenyewe.

Mdogo wako